Msamaha Usiokuwa Wetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Juma hili tumeonelea tuyaweke kando maudhui ya malezi tuliyokuwa tukiyaendeleza, tuwasimulie kadhia iliyotupata sisi wenyewe barabarani. Ndani yake mna funzo la dini na funzo la dunia, na yote mawili tuliyapata kwa gharama. Tutaeleza na makosa yetu, kwani mwalimu anayesimulia makosa ya wengine peke yake huwa amefundisha nusu ya somo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Shaabani, baada ya alasiri. Tulikuwa tukirejea Mombasa kutoka Takaungu, tulikokwenda kuhudhuria arubaini ya jamaa yetu. Sisi tulikuwa kwenye usukani, ahli yetu kando yetu, na kiti cha nyuma walikaa binti yetu mdogo na shemeji yetu, mjane wa marehemu ndugu yetu. Huyu shemeji ndiye mwenye kisa. Tangu alipofiwa amewalea watoto watatu kwa kudarizi kofia za mkono, tundu baada ya tundu, na kofia moja nzuri humchukua wiki kadhaa. Hana duka wala mshahara. Ana sindano, uzi, macho yake, na mkono wake wa kulia.

Tulipofika Bamburi magari yalikuwa yamesongamana, tukapunguza mwendo mbele ya tuta. Nyuma yetu ilikuwepo pikapu iliyobeba mifuko ya saruji, nayo haikupunguza. Tulisikia kishindo, kisha kioo kikimwagika. Tuliposhuka tuliona mlango wa nyuma umebonyea ndani na taa moja haipo. Watu walikwisha kukusanyika. Dereva alikuwa kijana mdogo, naye alipoiona kanzu na kilemba alitujia mbio akaushika mkono wetu akaubusu.

"Maalim, nisamehe. Hii ni kadari ya Mungu. Gari si langu, tukienda polisi nitafukuzwa kazi. Matengenezo nitalipa mimi."

Wale waliosimama nao wakaingia: sheikh, msamehe kijana, sheikh, Muislamu husamehe. Tuliwaangalia watu wetu tukawaona wamesimama kwa miguu yao. Shemeji alisema mkono wamuuma kidogo, akauficha chini ya buibui. Basi tukasema mbele ya umati ule, kwa sauti iliyosikika: "Tumesamehe." Tukapatana kwa mdomo kwamba kijana atalipa shilingi 12,000 za fundi, akatupa nambari ya simu, akaondoka. Hatukumwomba leseni, hatukumuuliza gari ni la nani, wala hatukumuuliza bima yake ni ya kampuni gani.

Tukiichunguza nafsi yetu leo, twaona kwamba msamaha ule haukuwa wote kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Sehemu yake ilikuwa kwa ajili ya wale waliokuwa wakitutazama. Twamuomba Allah atusamehe.

Ahli yetu hakusema neno. Alitoa kalamu ya wanja katika mkoba wake, akaandika nambari ya pikapu ile nyuma ya bahasha tuliyopewa arubaini, pamoja na saa na mahali. Tulimwambia hakuna haja. Aliendelea kuandika.

Usiku ule mkono wa shemeji ulivimba hata bangili ikalazimu kukatwa. Asubuhi ya Jumapili tulimpeleka hospitali, akapigwa picha, na daktari akatuonyesha mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika mahali pawili. Plasta ingekaa wiki sita, na baada ya hapo mazoezi, na huenda upasuaji. Tulitoka nje tukapiga ile nambari ya kijana. Haikupatikana. Tukapiga tena baada ya nusu saa, na baada ya saa nzima. Haikupatikana.

Tulirudi ndani tukiwa na maneno ya kumliwaza shemeji. Yeye ndiye aliyeanza. Hakukasirika, wala hakuinua sauti. Alisema, "Shemeji, jana mlisema mmesamehe. Mimi sikuulizwa. Aliyeumia ni mimi, kusamehe niachieni mimi."

Wasomaji wetu, tumesomesha fiqhi miaka mingi, na neno lile la mwanamke aliyekaa kwenye benchi la hospitali lilikuwa sahihi kuliko fatwa tuliyoitoa barabarani. Msamaha ni haki ya mwenye haki. Baba hasamehi kwa niaba ya mwanawe aliyebaleghe, mume hasamehi kwa niaba ya mkewe, wala sheikh hasamehi kwa niaba ya abiria wake, ila apewe uwakala. Na kadari, ambayo twaiamini kheri yake na shari yake, haikuletwa ili iwe kisingizio. Wanazuoni wametufundisha kwamba anayedhuru kwa kukosea hana dhambi ya kukusudia, lakini dhamana ya kile alichokiharibu yabaki shingoni mwake. Ndiyo maana Suratun Nisaa imeweka diya hata kwa aliyeua bila kukusudia. Kukosea kunaondoa lawama ya makusudi. Mfupa uliovunjika hakuuungi.

Tukiwa bado tumeinamisha kichwa, ahli yetu alitukabidhi ile bahasha. "Bwana," alisema, "si wewe unayewasomesha watoto kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni?" Ni kweli. Aya ya 282 ya Suratul Baqara yaamrisha kuandika na kushuhudisha baina ya watu wanaoaminiana, seuze baina ya watu wasiojuana waliokutana kwa kishindo cha magari.

Tukaenda kituo cha polisi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yamlazimu dereva aliyehusika katika ajali yenye madhara asimame, na amtajie mwenye sababu ya kuuliza jina lake na anwani yake, na jina na anwani ya mwenye gari, na nambari ya gari. Asipofanya hivyo, yampasa apeleke habari kwa polisi haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Sisi tulifika kabla ya muda huo kwisha. Taarifa yetu iliandikwa katika kitabu cha matukio tukapewa nambari ya OB, na baadaye tukaja kuchukua ile karatasi iitwayo abstrakti. Karatasi hiyo ina mahali pa kuandikwa bima ya kila gari. Upande wetu palijazwa. Upande wa pikapu palikuwa patupu, kwani gari lenyewe halikuwa limeonekana. Ule utupu wa nusu mstari ndio uliotushughulisha majuma yaliyofuata.

Kijana wetu mkubwa aliingia katika mtandao wa serikali, akaomba nakala ya kumbukumbu za gari lile kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA. Kwa nambari ya gari na ada ndogo, mtu hupata jina la mwenye gari aliyesajiliwa. Bima haimo katika kumbukumbu hizo, lakini jina la mwenye gari ni mlango wa kuifikia. Polisi walimwita aliyetajwa. Alikuja mzee wa Changamwe, amekasirika, akisema gari hilo aliliuza miaka miwili iliyopita na hajaliona tena. Tatizo lake ni kwamba hakulihamisha kwa jina la mnunuzi, na sheria humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitike vingine. Mzee alirudi nyumbani kwake kwa hima, akaleta karatasi ya mapatano ya kuuziana, na humo tukalipata jina la mnunuzi. Nanyi mnaouza magari, litazameni jambo hili. Gari lililouzwa bila kuhamishwa ni kama mtoto anayefanya fujo mtaani kwa jina lako.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapo Kongowea. Tulimwendea baada ya isha, tukifuatana na mzee mmoja wa msikiti wetu, tukakaribishwa barazani kwa kahawa. Tulipomweleza habari ya mkono uliovunjika alitingisha kichwa kwa huruma, lakini tulipomuuliza bima yake ni ya kampuni gani, uso ulibadilika. Alisema bima ipo, ila hayo ni mambo baina yake na kampuni yake.

Hapo ndipo wengi wetu huinuka tukaondoka, tukiona haya kana kwamba tumeuliza mshahara wa mtu. Si hivyo. Sheria ya Bima ya Magari kwa Madhara ya Mtu wa Tatu, Sura ya 405, yakataza gari kutumika barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa tatu dhidi ya kifo na majeraha. Na sheria hiyo yamlazimu anayedaiwa aseme, anapoulizwa na mwenye madai au wakili wake, kama alikuwa na bima au la, na atoe maelezo yaliyomo katika cheti chake. Tulimwambia hayo kwa upole. Kisha tukamwambia habari ya kofia, na ya watoto watatu.

Alinyamaza muda mrefu. Mwishowe alitueleza kinachomtia hofu. Yule kijana ni mtoto wa dada yake. Alizima simu kwa kuogopa, na yeye mjomba aliihofia kampuni, kwamba ikijua kuna madai itampandishia malipo ya bima mwaka ujao. Tukamwambia, "Ndugu yetu, ulilipia mwavuli, na sasa mvua inanyesha wataka kuuficha?" Alicheka kidogo, akaitoa simu, akatuonyesha cheti. Zamani stika ya karatasi ilibandikwa kwenye kioo cha mbele na kila mtu akaisoma. Siku hizi cheti hutolewa kwa njia ya kidijitali, na anayekitaka humpasa aulize. Tulilisoma jina la kampuni, nambari ya bima, nambari ya gari, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Bima ilikuwa ya mwezi mmoja, na ilikwisha siku ya Jumatatu. Ajali ilitokea Jumamosi. Tuliisoma tarehe ile mara tatu, na kila mara tukasema Alhamdulillah kwa sauti ndogo zaidi, kwani siku mbili baadaye shemeji yetu angedai kwa mtu asiye na kitu nyuma yake.

Hatukuishia hapo, kwani cheti cha bandia si jambo geni katika nchi yetu. Wakala anayetuuzia bima yetu alikihakikisha kwa nambari ya gari, akatwambia ni cha kweli. Tuliirudisha habari hiyo kituoni ili abstrakti ikamilishwe, na mwenye pikapu akaijulisha kampuni yake kwa maandishi, kama mkataba wake unavyomtaka. Nasi tuliijulisha kampuni yetu, japokuwa hatukuwa na la kudai kwake, kwa kuwa bima yetu ni ya mtu wa tatu tu, na bima ya namna hiyo haimtengenezei mwenyewe gari lake.

Kuna mtihani mmoja tusioupenda kuutaja. Siku shemeji aliporudi hospitali kuangaliwa plasta, alijiwa na mtu mtanashati aliyeshika faili. Alimwambia kesi yake ni nzuri, lakini itakuwa nzuri zaidi ikiwa garini watu walioumia walikuwa watano. Kwamba ahli yetu na binti yetu waweza kupatiwa karatasi za maumivu ya shingo, na wengine wawili wakaongezwa. Shemeji alikuwa na kodi ya miezi miwili haijalipwa. Alimjibu, "Mkono uliovunjika ni mmoja, nami nadai mmoja." Alitusimulia jioni akishona vifungo kwa mkono wa kushoto. Tuliona haya kukumbuka kwamba sisi tulisamehe kisichokuwa chetu ili tusifiwe, na yeye alikataa kisichokuwa chake akiwa na njaa.

Baadhi ya kina mama walituuliza, je, yafaa kuchukua malipo ya kampuni ya bima ya kawaida, ilhali wanazuoni wamekhitilafiana juu ya bima hizo? Tuliwauliza waliotutangulia katika elimu, wakatujibu kwamba aliyeumizwa hakufunga mkataba wowote na kampuni. Yeye adai haki yake kwa aliyemdhuru, na aliyemdhuru akiwa amepanga alipiwe na mwingine, hilo ni baina yao. La muhimu ni asichukue zaidi ya haki yake. Na fikra ya jamaa kumbebea mwenzao mzigo wa kosa si ngeni katika fiqhi: diya ya kuua kwa kukosea hubebwa na 'aqila, yaani jamaa zake upande wa baba, kwa sababu mmoja peke yake ingemvunja mgongo. Kwa anayetaka bima iliyosimama juu ya msingi wa kusaidiana, kampuni ya kwanza ya takaful hapa Kenya ilipata leseni mwaka 2011, na aulize apate ufafanuzi.

Ilichukua miezi mitano. Kampuni ilimtuma shemeji kwa daktari wake, ikaomba risiti, ikaomba picha, ikaomba tena risiti zile zile. Mwishowe ililipa matibabu na fidia ya jeraha na ya kazi iliyopotea. Haukuwa utajiri. Ulikuwa kodi, karo ya muhula, na deni la duka. Zile 12,000 za gari letu tulizisamehe, mara hii kweli, kwa kuwa hizo zilikuwa haki yetu.

Na yule kijana alikuja, ameletwa na mama yake. Alikaa chini mkekani mbele ya shemeji asijue aanzie wapi. Shemeji alimwacha mpaka akamaliza kulia, kisha akamwambia, "Mwanangu, maumivu nimekusamehe. Simu usizime tena." Sisi tulikuwa tumekaa kando, na safari hii hatukusema kitu.

Mkono umepona, lakini si kama zamani. Akishika sindano zaidi ya nusu saa vidole humganda. Siku hizi huwafundisha wasichana wa mtaa kudarizi, alasiri, barazani kwake, na zile kofia za tundu ndogo sana hashoni tena.

Basi wasomaji wetu, na hasa nyinyi kina mama ambao mara nyingi ndio mnaokaa kiti cha abiria mkiwa na akili iliyotulia kuliko ya dereva, twawausia haya. Ikitokea ajali, mtazameni kwanza aliyeumia, na msimwamini anayesema haumwi mpaka alale aamke. Andikeni nambari ya gari, au mlipige picha pamoja na barabara. Muulizeni dereva jina lake, mwenye gari, kampuni ya bima na nambari ya cheti, na mkitazame cheti chenyewe, tarehe zake hasa. Kaulizeni majina ya mashahidi wawili kabla watu hawajatawanyika, na kumbukeni kwamba Qur'ani imekataza kuficha ushahidi. Nendeni polisi hata kama mmepatana, kwani kuandikisha si kushitaki. Wekeni kila risiti na kila karatasi ya daktari pamoja na abstrakti katika bahasha moja. Madai ya majeraha hufunguliwa mahakamani kabla ya miaka 3 kupita, na kampuni isiyojulishwa kesi kwa wakati huweza kukwepa kulipa, kwa hivyo msiichelewe. Bima ya lazima ni ya kifo na majeraha, na sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu. Uharibifu wa gari hutegemea mkataba wa mwenzenu, basi ulizeni na hilo. Na kampuni ikiwazungusha bila sababu, ipo Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, inayopokea malalamiko ya wananchi.

Na mkiwa nyinyi ndio mliogonga, msizime simu. Toeni bima yenu kabla hamjaulizwa. Hiyo ni amana, na ndiyo toba ya barabarani.

Ama kusamehe, sameheni sana, kwani malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Ila kabla hamjasema neno hilo, geukeni muangalie kiti cha nyuma.

Allah atukinge na shari za njiani, awaponye majeruhi wetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.